Gongo Lenye Meno

Nilianguka kabla Paralimpiki ya majira ya baridi, michezo ya watu wenye ulemavu, haijaanza. Ilikuwa asubuhi, mwezi Machi 2018, nje ya uwanja wa baiathloni, mchezo wa skii na kulenga shabaha, wa Alpensia, PyeongChang, Korea Kusini. Nilikuwa nimevaa koti jipya la watu wa kujitolea, kitambulisho kinaning'inia shingoni, najiona mwenyeji. Polio ilinipata nikiwa na miaka mitatu, ikaniachia mguu wa kushoto usiobeba uzito, na tangu hapo natembelea gongo la kushika kiwikoni. Nimepanda nalo ngazi, nimevuka nalo vijito, nimekimbilia nalo basi na kulipata. Barafu ilikuwa jambo jingine kabisa. Ule mpira mweusi unaovishwa ncha ya gongo uliteleza kama umepakwa sabuni, nikajikuta nimekaa chini, kofia kule, glavu huku.

Wenzangu watatu wakaja mbio kuniinua. Kila mmoja alishika upande wake, na kwa kuwa hawakupatana nani avute wapi, tukaanguka wote wanne.

Pembeni palikuwa na mwanamichezo kwenye kitimwendo, fimbo zake za skii zimelala mapajani. Hakusogea, wala hakunipa ule uso wa pole ninaoufahamu tangu utotoni. Alisubiri tumalize vurugu yetu, kisha akaniambia kwa Kiingereza cha mkato: "Gongo lako halina meno." Akainua fimbo moja, akanionyesha ncha yake ya chuma. Akaniambia niende karakana, akasukuma magurudumu yake akaenda zake.

Kumbe Paralimpiki ina karakana. Kampuni ya Kijerumani ya Ottobock imekuwa ikileta mafundi kwenye michezo hii tangu Seoul mwaka 1988: wanaunganisha miguu bandia iliyopasuka, wananyoosha fremu za vitimwendo, wanashona mikanda. Nilidhani nitaambiwa karakana ni ya wanamichezo tu. Fundi alilichukua gongo langu, akaligeuza chini juu, akauliza swali moja: natembea zaidi ndani au nje? Hakuuliza mguu umefanya nini. Akanifungia kipande cha chuma chenye meno matano, kinachokunjuka ukiwa kwenye barafu na kukunjwa juu ukiingia ndani. Sidhani kama zilipita dakika kumi.

Nimetumia miaka mingi kuamini kwamba ninapoanguka, kilichoniangusha ni mguu. Sikuwahi kufikiria kwamba huenda ni mpira wa gongo.

Lazima nieleze nilivyofika pale. Nilikuwa nikisoma Korea Kusini, Kikorea changu kilikuwa cha kuombea maji na kuulizia njia, na nikajaza fomu ya kujitolea kwa sababu wenzangu darasani walijaza. Aliyepanga majukumu alipoliona gongo aliniweka kwenye dawati la ndani, jirani na kipasha joto, nigawe vipeperushi. Alifanya kwa nia njema, na nia njema ni ngumu kuikatalia kuliko matusi. Nilipotoka karakana nilirudi kwake, nikapiga meno yangu matano kwenye theluji mbele ya mlango wake, nikamwomba anipeleke nje. Alicheka. Kesho yake nilipangiwa jukwaa la watazamaji karibu na mstari wa kumalizia.

Kwa asiyeifuatilia michezo hii: mwaka ule ilifanyika kuanzia tarehe 9 hadi 18 Machi, wiki mbili baada ya Olimpiki na katika viwanja vilevile. Michezo ilikuwa sita: skii za kushuka mlima, skii za masafa, baiathloni, ubao wa theluji, mpira wa magongo wa barafuni na kalingi ya vitimwendo, yaani kutelezesha mawe kwenye barafu. Ya kwanza kabisa ilifanyika Örnsköldsvik, Swidi, mwaka 1976, wakati huo ikiwa ya watu waliokatwa viungo na wasioona tu. Nilipokuwa nasoma habari hizo usiku kitandani, nilikutana na jina la Tofiri Kibuuka, Mganda asiyeona, aliyeshindana kule kule Örnsköldsvik kwenye skii za masafa, Mwafrika wa kwanza kufika Paralimpiki ya majira ya baridi. Mwaka 1969 alikuwa amepanda Kilimanjaro pamoja na vijana wengine wasioona. Alirudi tena Geilo, Norwei, mwaka 1980 akiiwakilisha Uganda, na baadaye akaiwakilisha Norwei yenyewe. Niliamka asubuhi nikamwambia mwenzangu aliyekuwa akinitania kila siku kwamba watu wetu hawajui theluji. Tangu siku ile utani ulipungua makali.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Siku ya tatu hivi niliketi na familia moja kutoka Ulaya, baba, mama na dada wa mwanamichezo wa skii za kukaa. Katika mchezo huo mshindani hufungwa kwenye kiti kidogo kilichowekwa juu ya skii mbili, akajisukuma kwa fimbo mbili fupi, mikono peke yake, kilomita baada ya kilomita, hata kupanda vilima. Huanza mmoja mmoja, wakipishana kwa nusu dakika. Mimi nikajifanya mjuaji: nikamwangalia kijana wao akiondoka, nikaanzisha saa yangu ya mkononi, nikawapimia na wapinzani wake wakubwa. Alipovuka mstari nikafanya hesabu kichwani, nikageuka nikawaambia: "Ameshinda!" Mama alilia. Baba alinikumbatia mpaka gongo likaanguka.

Kisha ubao ukaonyesha matokeo. Alikuwa wa nne.

Nilitamani theluji inimeze. Nikaenda kwa kiongozi wa zamu yetu, mwanamke mzima aliyewahi kusimamia mashindano kama hayo, nikamwambia mashine imekosea. Alinitazama kama anavyotazamwa mtoto aliyevaa viatu kinyume. Akaniuliza: "Ulitumia saa gani?" Nikamwonyesha. Akasema saa ile haikuwa ya mashindano haya.

Hapo ndipo nilipofundishwa hesabu ya asilimia. Washindani wa skii wamegawanywa makundi matatu, wanaokaa, wanaosimama na wasioona vizuri, lakini ndani ya kundi moja miili hailingani hata kidogo. Chukua wawili wanaokaa. Mmoja amekatwa miguu, ila misuli ya tumbo na mgongo yote ipo, hivyo kila anapochoma fimbo anainama na kuisukuma kwa kiwiliwili chote. Mwingine uti wake wa mgongo uliumia juu, kuanzia kifuani hana nguvu, amefungwa mikanda ili asipinduke, na kinachomsogeza ni mabega. Kila mmoja hupangiwa daraja, na kila daraja lina asilimia yake ya muda. Mwenye asilimia 100, dakika 20 zake ni dakika 20. Mwenye asilimia 90, dakika 20 zake huandikwa 18. Saa yake inatembea polepole, basi. Kwenye fainali za mbio fupi hesabu hiyo hufanywa kabla: mwenye ulemavu mzito zaidi huachiwa mapema, wengine wanamfukuza, na hapo anayevuka mstari kwanza ndiye mshindi kweli.

Nilirudi kuomba radhi. Baba wa yule kijana alishaujua mfumo huo kuliko mimi. Aliniamini kwa sababu tu nilikuwa na koti rasmi. Jambo hilo liliniuma zaidi. Mama alinipigapiga mkono akaniambia angalau walikuwa washindi kwa dakika nne.

Hesabu ile haikutoka kichwani mwangu kwa siku kadhaa, na sababu yake si aibu peke yake. Mimi nimepimwa tangu nikiwa mtoto. Kila baada ya muda nililala kwenye kitanda cha chuma, daktari ananikunja goti, anapima unene wa paja hili na lile kwa futi ya utepe, kisha anaandika: ulemavu asilimia kadhaa. Karatasi hiyo imenifuata shuleni, kwenye maombi ya kazi, kila mahali. Niliichukia namba ile. Niliielewa kama kiasi cha mimi kilichokosekana. Pale Alpensia ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu akipimwa vilevile, akapewa asilimia, halafu asilimia yenyewe ikaandikwa kwenye saa. Hakuna aliyetarajia abadilike yeye.

Sitaki kuupamba mfumo huu. Wanamichezo wenyewe wanaugombania. Nilisikia malalamiko kwenye basi la usiku: huyu amepangwa daraja jepesi, yule anajifanya dhaifu mbele ya wapimaji. Unapimwa nguvu ya misuli na watu usiowajua, kisha unatazamwa ukicheza ili wahakikishe hukudanganya. Na wapo walioachwa nje kabisa. Watu wenye ulemavu wa akili walishiriki skii za masafa Nagano mwaka 1998; baada ya kashfa ya timu ya kikapu ya Hispania kwenye Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, iliyojaza wachezaji wasio na ulemavu wowote, milango ilifungwa. Majira ya joto walirudishwa mwaka 2012. Nilipokuwa PyeongChang, upande wa theluji ulikuwa bado umefungwa, kwa kosa ambalo halikuwa lao wala halikutokea kwenye theluji. Nilimuuliza kiongozi wetu hilo ni haki gani. Akasema, "Swali zuri," kisha akanituma kupanga viti.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni ukimya.

Kwenye baiathloni, wanaozunguka kwa skii hufika uwanja wa shabaha wakiwa wanahema, hulala kifudifudi, hupiga risasi tano kwenye shabaha tano zilizo mita 10 mbele, kisha huondoka tena. Bunduki hawaibebi mgongoni kama kwenye Olimpiki, inawasubiri palepale. Wasioona hupiga kwa masikio. Bunduki yao ni ya kielektroniki, na wao huvaa vipokea sauti. Kadiri mtutu unavyokaribia katikati ya shabaha, mlio unapanda, unakuwa mwembamba, mpaka mtu anajua: sasa. Nafasi ya kukosea ni ndogo mno, na hapo moyo unadunda mpaka kidole kinatikisika.

Siku ya wasioona tuliambiwa tuwaombe watazamaji wanyamaze. Kuambia umati wenye bendera, ngoma na vibao vya kupigisha unyamaze ni kazi. Nilipita safu kwa safu, kidole mdomoni. Wakanyamaza. Uwanja mzima ukatulia kiasi cha kusikia theluji ikidondoka kutoka matawini. Mwanamke mmoja alilala kwenye mkeka, kiongozi wake amepiga goti pembeni kidogo. Akakaa. Akakaa zaidi. Risasi ya kwanza, ya pili, mpaka ya tano, hakukosa hata moja, na hapo tu ndipo kelele zikalipuka, naye akainuka akageuza kichwa kuelekea tulipo, akatabasamu kwa sauti yetu.

Viongozi hao nao ni watu wa kustaajabisha. Wasioona kabisa hushindana wakiwa wamevaa miwani iliyozibwa, ili asiyeona hata kidogo na anayeambulia mwanga wawe sawa, kwa hiyo uhai wao uko kwenye maneno ya anayetangulia. Kwenye skii za masafa kiongozi hubeba kipaza sauti kiunoni. Kwenye kushuka mlima, kwa kasi inayoweza kupita kilomita 100 kwa saa, wanazungumza kwa redio za kofiani. Nilisikiliza wawili wakifanya mazoezi. Nilitarajia maelezo marefu. Yalikuwa maneno mafupi, karibu matupu: kulia, kulia, shika, sawa, panda, tano, nne. Wakishinda, wote wawili wanavishwa medali. Nami nikakumbuka watu wote waliowahi kunishika mkono kunivusha barabara bila kuniuliza, wakinivuta kwa upande wa mguu mbovu, na jinsi ambavyo neno moja tu, "ukingo", lingetosha.

Baridi nayo ina ujanja wake kwa miili yetu, na hili sikuwa nimelisoma popote. Mguu wangu hauna misuli ya kutosha, damu inapita kwa uvivu, hivyo huganda mapema kuliko wa kulia. Nilikuwa navaa soksi mbili kulia na nne kushoto. Lakini angalau nauhisi. Mwenye uti wa mgongo ulioumia hahisi vidole vikiganda. Anaweza kukaa kwenye kiti cha skii saa nzima huku nyama ikifa, asijue mpaka avue kiatu. Kwa hiyo wanajikagua kwa macho. Nilimwona mmoja hemani akivua viatu baada ya mbio, akaigeuza miguu yake kidole kwa kidole chini ya taa kama fundi anayekagua spea. Wenye miguu bandia wana yao: kigutu hutoka jasho ndani ya ile soksi ya silikoni, jasho linapoa, na mguu unaanza kucheza kwenye nafasi yake. Nilijifunza kwao kukausha kila kitu usiku, hata ule mkono wa gongo.

Machi kule nayo si rafiki wa theluji. Asubuhi imeganda kama kioo, saa sita imelegea kama uji, skii zinazama. Wanaokaa ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa uzito wote uko chini na mikono haina msaidizi. Tarehe 14 Machi nilimshuhudia Oksana Masters wa Marekani, aliyezaliwa Ukraine na ulemavu uliohusishwa na mionzi ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, akishinda mbio fupi kwa kiwiko kilichokuwa kimeteguka wiki chache kabla. Jana yake alikuwa ameanguka kwenye baiathloni na kujitoa. Ilikuwa dhahabu yake ya kwanza ya Paralimpiki. Sikuipigia makofi sana kama wengine. Nilikuwa nakiangalia kile kiwiko na kujiuliza nani alimruhusu. Mpaka leo sijaamua nafikiri nini kuhusu siku ile.

Mwanzoni majukwaa yalikuwa na mapengo, na televisheni zilitoa saa chache kuliko zilivyoipa Olimpiki, mpaka Moon Jae-in mwenyewe, Rais wa Korea Kusini wakati huo, akalalamika hadharani. Tarehe 17 hakukuwa na pengo. Shin Eui-hyun, aliyepoteza miguu yote miwili kwenye ajali ya gari mwaka 2006, alikuwa anashindana kilomita 7.5 za kukaa. Alikuwa tayari ameshika shaba. Nilikuwa jukwaani kwangu, na safari hii saa yangu niliiacha mfukoni. Nilitazama ubao tu. Jina lake lilipokaa juu na kubaki juu, bibi mmoja aliyekaa mbele yangu alisimama, akaketi, akasimama tena, asijue la kufanya na mikono yake. Korea Kusini ilikuwa haijawahi kupata dhahabu kwenye Paralimpiki ya majira ya baridi.

Mchana wa siku hiyohiyo tulijazana hemani kwenye simu ya mwenzetu kutazama magongo ya barafuni kutoka Gangneung, Korea na Italia wakigombea shaba. Wachezaji hukaa kwenye sleji zenye vyuma viwili chini, kila mmoja na vigongo viwili vifupi, upande mmoja bapa la kupigia, upande wa pili meno ya chuma ya kujisukumia. Nilicheka peke yangu nilipoyaona yale meno. Korea ikashinda 1–0, na wachezaji wakajikusanya katikati ya barafu wakaimba wimbo wa taifa bila muziki wowote. Mwenye simu alilia mpaka kioo kikalowa, ikabidi tumnyang'anye.

Yule mwanamichezo wa siku ya kwanza sikukutana naye tena ana kwa ana. Nilimwona mara moja kwenye mbio, katikati ya wengine, akapita kilimani akihema, akamaliza mbali sana na medali. Nilipiga kelele jina la nchi yake kwa kuwa lake sikulijua.

Tarehe 19 nilikuwa uwanja wa ndege wa Incheon, nikienda kumtembelea rafiki. Nilikuwa nimesahau kuyakunja meno. Nilitembea nusu ya ukumbi nikisikia mkwaruzo, nikidhani ni sanduku la mtu, mpaka mfanyakazi wa usafi akaninyooshea kidole sakafuni: mstari wa vijishimo vitano vitano ukinifuata tangu mlangoni. Nikainama nikayakunja, nikaomba radhi mara mbili. Kwenye ukaguzi askari aliligeuza gongo chini juu, kama alivyofanya yule fundi, akaniuliza hiki ni nini. Neno la Kikorea la kifaa kile sikulijua, nikamwambia ni meno. Alibonyeza moja kwa kidole gumba, akashtuka, akanirudishia gongo.